Kayaki Tatu za Mama Igoki

Mwanamke mmoja wa Embu alikuwa na kiwanda cha unga, na ingawa hakujua kuogelea, alinunua kayaki tatu. Watu walimshangaa. Kayaki ni mashua nyembamba ya mtu mmoja. Anayeikalia hufunikwa kiunoni kwa kitambaa cha mpira ili maji yasiingie, na ikipinduka, kichwa chake ndicho kinachotangulia chini. Wakamuuliza Mama Igoki anatafuta nini mtoni. Akasema maji ya mto uliopita karibu na kiwanda ndiyo yaliyozungusha kinu chake cha kwanza kabla umeme haujafika, naye hakuwahi kuurudishia mto ule shukrani yoyote.

Akatafuta watu watatu. Wa kwanza alikuwa Nyaga, mwenye mabega mapana, aliyekuwa akiwashusha watalii mtoni kwa mashua za mpira. Wa pili alikuwa Marigu, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba wa mwili na shupavu wa moyo. Wa tatu alikuwa Ireri, mtu wa miaka arobaini na mmoja, aliyechimba mchanga mtoni tangu ujana wake. Ireri hakuwa na mbio. Kila alipokaribia maji makali alijibanza nyuma ya mwamba, mahali maji yanapotulia, akautazama mto kama mtu anayesoma barua ya mbali, kisha ndipo akapita. Mama Igoki akawavisha jaketi za manjano zenye jina la unga wake kifuani, akawapa kofia ngumu na makasia, akawaletea mkufunzi kutoka Jinja. Hakuwawekea sharti lolote.

Mashindano ya kwanza yalikuwa ya mmoja mmoja, na Nyaga alishinda. Ya pili pia alishinda. Alishuka mtoni kana kwamba maji yalikuwa yakimkimbia yeye. Picha yake ikatoka gazetini, na sokoni wakaanza kumwita Nyaga wa Unga. Marigu alikuwa wa tisa. Ireri alifika wakati watu wanakunja viti.

Kisha yakaja mashindano ya timu, na hayo yana sheria yake. Watatu huondoka pamoja, na saa haisimamishwi mpaka kayaki ya mwisho ivuke mstari. Nyaga aliijua sheria hiyo, lakini mikono yake haikuijua. Alitangulia peke yake, akavuka mstari, akainua kasia juu, na watu wakapiga vigelegele. Saa ikaendelea kwenda. Marigu akafika. Saa ikaendelea kwenda. Ireri alipotokea kwenye kona ya mwisho, vigelegele vilikuwa vimekwisha zamani, na Nyaga alikuwa ameketi ukingoni, ameinamisha kichwa. Timu zilikuwa sita. Wao walikuwa wa sita.

Jumatatu yake Nyaga akaenda kiwandani. Alimkuta Mama Igoki katikati ya mashine, kope zake nyeupe kwa vumbi la unga.

"Mama, Ireri anatuangusha," akasema. "Tutafutie mwingine."

Mama Igoki akajifuta mikono kwa leso yake. "Nyaga mwanangu, ningetaka mtu mmoja, ningenunua kayaki moja."

Akarudi kwenye mashine zake. Nyaga akatoka ameona haya, lakini hakuwa amesadiki. Kuona haya ni jambo moja, na kusadiki ni jingine.

Mwezi wa nane, mkufunzi akawatuma kushuka bondeni, mahali mto unapopita katikati ya majabali, safari ya siku tatu. Huko hakuna watazamaji wala saa. Akawaambia wajifunze kuwa pamoja. Siku ya kwanza walikwenda pamoja. Siku ya pili Nyaga akachoka kungoja, akawaacha wenzake mbali nyuma. Akapiga kona moja, akaona mti mkubwa umeanguka na kuukinga mto toka ng'ambo hadi ng'ambo, na maji yote yanapita chini ya matawi yake. Aliuona akiwa amechelewa. Mto ukambandika kwenye shina. Pua ya kayaki ikazama chini ya mti, na maji yakamkandamiza mgongoni kama watu kumi wanaosukuma mlango. Akashika tawi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akatafuta filimbi yake shingoni, akapuliza. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni.

Hapo ndipo Nyaga alipoelewa jambo ambalo nguvu zake zilikuwa zimemficha. Kama angekuwepo mtu aliyemtangulia, mtu huyo asingeweza kumfaa kitu, kwa sababu hakuna mwenye mikono ya kupanda maji yale. Mtoni msaada hutoka nyuma. Na waliokuwa nyuma yake ni wale wawili aliowaona ni mzigo.

Ireri aliisikia filimbi kabla ya kona. Hakuingia mbio. Alijibanza nyuma ya mwamba kama desturi yake, akamwashiria Marigu afanye vivyo hivyo, wakazivuta kayaki zao nchi kavu na kukimbia juu ya mawe wakiwa na kamba. Ireri akarusha. Kamba ikaanguka karibu, ikachukuliwa na maji. Akaikusanya, akarusha tena, nayo ikamgonga Nyaga begani.

"Usipigane na maji, ndugu yangu!" akapaza sauti. "Jizungushie kamba, ushikilie. Mengine tuachie sisi."

Wakaipitisha kamba kwenye jiwe, wakavuta, Marigu akiwa ameegemeza miguu yote miwili kwenye jabali na meno yamekaza. Nyaga akachomoka kwenye kayaki kama jino, akaburuzwa mpaka mchangani. Jua lilikuwa kali, naye alitetemeka. Wenzake wakainasua kayaki yake kwa kamba ileile, kisha Marigu akachemsha chai. Ndipo Nyaga akamtazama Ireri.

"Ungekuwa na mbio kama zangu, ingekuwaje?"

Ireri akafikiri kidogo. "Ningekuwa kwenye mti ule pamoja nawe."

Wakacheka wote watatu, na Nyaga akacheka mpaka akalia.

Mashindano makubwa yakaja mwishoni mwa mwaka, timu nane kutoka nchi tatu. Juma zima mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Asubuhi ya siku yenyewe mto ulikuwa umefura, rangi ya kahawia, na mawe karibu yote ambayo timu zilikuwa zimeyazoea yalikuwa yamezama. Hakuna aliyejua tena njia iko wapi, isipokuwa mtu mmoja. Nyaga akawaita wenzake kando.

"Ireri atangulie," akasema. "Marigu afuate. Mimi nitakuwa wa mwisho."

Watazamaji walipoona bingwa amejipanga mkiani, wakanung'unika. Wengine walikuwa wamekuja kutoka mbali kumwona yeye. Zikaanza kushuka timu nyingine. Mabingwa wa mwaka uliopita walipita katikati ya mto, njia iliyokuwa bora maji yakiwa machache, na mwenzao wa tatu akanaswa mahali maji yanapojiviringisha na kurudi nyuma. Wawili wa mbele walikuwa wamekwisha kupita. Waligeuza shingo wakamwangalia akizungushwa, na hilo tu ndilo waliloweza. Alitoka salama, lakini saa haikumhurumia.

Zamu yao ikafika. Ireri akaelekea upande wa kushoto, karibu kabisa na ukingo, mahali ambapo hakuna timu iliyokuwa imethubutu. Alikuwa amechimba mchanga pale miaka kumi na tisa. Alijua sakafu ya mto kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Hakwenda mbio, ila hakupoteza hata pigo moja la kasia. Marigu akaweka pua ya kayaki yake palepale Ireri alipotoka. Nyaga akawafuata, akizuia mikono yake, na kuizuia kulimchosha kuliko kuiachia.

Walipofika Jino la Fisi, mwamba mkubwa kuliko yote, wimbi likampiga Marigu ubavuni. Akapinduka. Watu wakaona tumbo la kayaki tu, na kasia likielea peke yake. Akajaribu kujigeuza kwa mikono, akashindwa. Akajaribu tena. Kisha watu wakamwona Nyaga akizifungua zile nguvu alizokuwa amezihifadhi. Kwa mapigo matatu akafika, akaisukuma pua ya kayaki yake mpaka kwenye mikono iliyokuwa ikipapasa juu ya maji. Marigu akaishika, akajikunja kiunoni, akaibuka, akikohoa, kofia imekaa upande.

"Nipo!" akapiga kelele. "Kasia langu! Twendeni!"

Kasia lilikuwa mikononi mwa Ireri. Alikuwa amejibanza nyuma ya mwamba uliokuwa mbele kidogo, anangoja, na alikuwa amelidaka likipita.

Sehemu iliyobaki waliishuka wakiwa wamekaribiana hata makasia yao yakawa yanagongana. Hapo sasa Ireri akaenda mbio. Hakuna aliyejua kwamba anaweza, pengine hata yeye mwenyewe. Kayaki tatu zikavuka mstari kama kitu kimoja, na msimamizi akasimamisha saa. Walikuwa wamewashinda wa pili kwa sekunde nne.

Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka barabara kuu. Mama Igoki, asiyejua kuogelea, aliingia mtoni mpaka magotini na viatu vyake vya kanisani, akawakumbatia na maji yao yote, akilitaja jina la kila mmoja kana kwamba ndiyo kwanza anawapa majina hayo. Mkufunzi kutoka Jinja alicheza ukingoni bila ngoma. Mwandishi mmoja wa habari akaomba mshindi asogee mbele apigwe picha, na watu watatu wakasogea.

Wewe uliyepewa mikono yenye nguvu, leo uko mbele ya ndugu zako, au uko nyuma yao, mahali ambapo wakikuita unaweza kufika?