Pembe Iliyogongwa Mara Tatu

Hapo zamani za kale, lakini si za kale sana kwa maana runinga ilikwisha kufika, siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, mlango wa Kindi uligongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

Msiniulize dakika nimezijuaje, wadogo zangu. Kindi mwenyewe aliziandika. Alikuwa mnyama wa kuandika kila kitu.

"Nani?"

"Serikali!"

Alikuwa Ngiri, askari wa mji wa Vichakani, kofia imembana mpaka masikio yamelala.

"Dada Kindi, barua yako hii. Nisome au utasoma?"

"Soma."

Ngiri akakohoa. "'Kwa Kindi, mtengeneza vikaragosi. Kipindi chako cha runinga kinamdhalilisha Mwenyekiti wa mji, Mheshimiwa Kifaru. Ijumaa hii ndiyo mwisho wake. Jumamosi alfajiri vikaragosi vyote vitachomwa moto, nawe utahama mji. Njoo ofisini sasa hivi.' Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unaogopa?"

"Mimi? Siogopi hata kidogo," akajibu Kindi, akitafuna ncha ya mkia wake.

Ngiri akatazama huku na huku, kisha akainama na kunong'ona. "Sasa tuweke kazi kando. Kikaragosi changu mimi utakitengeneza lini? Mke wangu ananicheka nyumbani. Anasema, mkubwa gani huyu hana hata kikaragosi!"

Ndivyo mambo yalivyokuwa Vichakani. Mji ulikuwa na runinga moja tu, imewekwa juu ya kabati katika kibanda cha chai cha Mama Kanga, sokoni. Studio ya Kindi ilikuwa chumba cha nyuma ya kibanda hicho hicho. Wanyama wakicheka kule, Kindi aliwasikia huku kupitia ukutani. Mpiga kamera alikuwa Kinyonga, jicho moja kwenye kamera, jicho jingine kwenye saa. Kila Ijumaa saa kumi jioni Kindi alijikunyata chini ya meza, mkono juu, na kikaragosi kikaonekana kuanzia kifuani.

Kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa Bwana Pembe. Kichwa chake kilikuwa cha sponji la godoro kuukuu, macho vifungo vya koti, pembe gunzi la hindi. Kila kilipotaka kutoa ahadi, kiligonga pembe kwa ukwato: ko, ko, ko! "Barabara itajengwa mwezi ujao!"

Na kibandani, wakubwa kwa wadogo, wote walihesabu kwa sauti moja: "Moja! Mbili! Tatu! Uongo huo!"

Tabia hiyo Kindi hakuizua. Alikaa mikutano minne ya hadhara na daftari magotini, akihesabu. Kabla ya kila uongo, Mheshimiwa Kifaru aligonga pembe yake mara tatu. Kabla ya neno la kweli hakugonga kamwe. Lakini katika mikutano yote minne neno la kweli lilikuwa moja tu: "Nina njaa."

Basi Kindi akaenda ofisini, akapanda juu ya kiti ili aonekane.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Shikamoo ya nini, wee kipande cha mkia!" akanguruma Kifaru. "Lile lidude lako ni mimi!"

"Mheshimiwa, lile ni sponji. Pembe yake gunzi."

"Linagonga pembe! Mji mzima sasa unasema nagonga pembe. Nikipita sokoni wananihesabia! Na mimi," ko, ko, ko, "sijagonga pembe tangu nizaliwe!"

Ngiri akatazama dari.

Kindi akatulia tuli juu ya kiti. Loo! akawaza. Huyu hajui. Amegonga mbele yetu, na hajui! Nyani haoni kundule.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "ukikichoma kimya kimya, watu watasema umekichoma kwa sababu kinasema kweli."

"Watasema?"

"Wataimba."

Kifaru akahema. Puuuh!

"Ijumaa saa kumi njoo wewe mwenyewe," Kindi akaendelea. "Kaa mahali pa Bwana Pembe. Waambie wananchi kwa mdomo wako kwamba hugongi pembe, na kwamba bomba la sokoni limekauka kwa sababu ya jua. Wasipokuhesabia hata mara moja, kiberiti nitawasha mimi mwenyewe, na mji nitahama. Wakikuhesabia, kikaragosi kibaki, nami nibaki."

Bomba la sokoni, ndugu zangu, siku hiyo lilikuwa kavu siku ya arobaini na moja.

Kifaru akacheka hadi vikombe vikalia mezani. "Wahesabu nini, na mimi sigongi? Haya! Wakihesabu, nakuahidi," ko, ko, ko, "utabaki."

Kindi akahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Ahadi yenyewe ilikuwa imegongwa.

Siku ya Alhamisi Kinyonga alimkuta studioni akipanga vikaragosi kwenye sanduku, akivitoa, na kuvipanga tena.

"Dada, tuseme atagonga na watamhesabia. Halafu?"

"Halafu atavunja ahadi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lazima aahidi tena, mbele ya kamera, bila kugonga."

"Utamzuiaje mnyama wa tani mbili asijigonge pembe yake mwenyewe?"

"Bado sijui."

"Kesho Ijumaa."

"Najua kesho Ijumaa, Kinyonga!"

Kinyonga akageuza jicho moja ukutani, la pili akalibakiza kwa Kindi, kwa huruma.

Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini na saba, Kifaru akafika amevaa tai. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akakwama mlangoni.

"Sukuma!"

"Nasukuma, Mheshimiwa!" Ngiri akajibu kutoka nje.

"Sukuma kwa nguvu!"

Kwaruuu! Fremu ikang'oka, na Kifaru akaingia nayo shingoni. Wakamvua. Wakamketisha sakafuni nyuma ya meza, akaonekana kuanzia kifuani, kama Bwana Pembe kabisa. Kindi akaingia chini ya meza, mahali pake pa siku zote.

"Tatu, mbili, moja," akahesabu Kinyonga.

"Ndugu wananchi!" akaanza Kifaru.

Kisha sauti ya Mama Kanga ikapenya ukutani. "Jamani, tazameni! Kindi leo kakishona kikubwa!"

"Hata mikunjo ya shingo!"

"Na jasho! Linatiririka kweli! Katumia nini, mafuta ya nazi?"

Kifaru akatoa macho. "Mimi si kikaragosi! Mimi ni Kifaru mwenyewe!"

"Ha-ha-haaa! Na sauti kaipatia!"

"Nyamazeni! Nimekuja kuwaambia kwamba mimi," ko, ko, ko, "sigongi pembe!"

"MOJA! MBILI! TATU! UONGO HUO!"

Vijiko vikapigwa kwenye sahani. Mtu akaanguka na benchi, kishindo kikasikika mpaka studioni.

Kifaru akageuka. "Ngiri! Wanahesabu nini?"

Ngiri akavua kofia. Masikio yake yakasimama. "Ukwato, Mheshimiwa. Unagonga pembe."

"Nagonga? Mimi?"

"Toka nianze kazi kwako."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mheshimiwa."

Kifaru akautazama ukwato wake wa kulia kama anautazama kwa mara ya kwanza. Ndipo sauti ndogo ikatoka chini ya meza.

"Ukalie, Mheshimiwa."

"Nini?"

"Ukwato. Ukiukalia hautagonga. Wataona kweli hugongi."

Neno lile likamwingia Kifaru vizuri. Akausukuma ukwato wa kulia chini yake, akaukalia. Akatazama kamera, akatabasamu. "Ndugu wananchi, maji ya bomba..." Papo hapo ukwato wa kushoto ukaanza kupanda wenyewe, polepole, kuelekea kwenye pembe.

"Na wa kushoto, Mheshimiwa!"

Akaukalia na wa kushoto.

"Maji ya bomba yame... yame..." Kifaru akameza mate. Pembe ilikuwa inamwasha. Masikio yalitetemeka. "Yameee... yame-yame-yame..." Akawa kama gari lililoishiwa mafuta mlimani. Mdomo unafunguka, neno halitoki.

"Endelea, Mheshimiwa," ikasema sauti ya chini ya meza. "Wananchi wanasubiri."

"Yame..."

"Yame nini?"

"Yamekuja kwangu!" akapasuka Kifaru. "Bomba nimelikata mimi! Nimelielekeza kwenye bwawa langu la matope, nyuma ya nyumba, karibu na migomba! Ah! Ah! Pembe inaniwasha!"

Kibandani, kimya. Hata kijiko hakikulia.

"Mbona hakugonga?" akauliza mmoja.

"Hakugonga."

"Basi ni kweli."

"Kama ni kweli," akasema Mama Kanga polepole, "basi huyo si kikaragosi."

Zikafuata kelele za mabenchi, kisha kelele za ndoo. Kwata-kwata-kwata, miguu ikazunguka kibanda. Mlango wa studio haukuwa na fremu tena, kwa hiyo hapakuwa na cha kufunga. Mama Kanga akawa wa kwanza kuchungulia, ndoo tupu mkononi, na nyuma yake soko zima.

Kifaru akataka kusimama. Hakuweza. Miguu yote miwili ya mbele aliyoikalia ilikuwa imekufa ganzi.

"Ngiri, niinue!"

"Ngoja kwanza, Mheshimiwa," akasema Kindi, akitoka chini ya meza na vumbi masikioni. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini haikukatika. "Bado tuko hewani. Na ile ahadi ya Jumanne?"

"Ahadi gani? Niinueni!"

"Kwamba wakikuhesabia, sitahama, na Bwana Pembe hachomwi. Wamekuhesabia. Kinyonga, umepata?"

"Nimepata," akasema Kinyonga. "Na hivi sasa nakipata na kidevu chake."

Kifaru akatazama kamera. Akatazama ndoo. Akajaribu kuuchomoa ukwato wa kulia, ukagoma. Akajaribu wa kushoto, ukagoma. Soko zima likapanua midomo, tayari kuhesabu.

Hakukuwa na cha kuhesabu.

"Ubaki," akasema Kifaru. "Na sponji lako libaki. Na koki ya kurudisha maji ipo kwenye migomba, chini ya jiwe jeupe. Sasa jamani niinueni, miguu inanichoma sindano!"

Wakamwinua, maana hata mwongo hufa ganzi. Wengine walikwisha kukimbia kwenye migomba. Saa kumi na moja na dakika tano, bomba la sokoni likakohoa mara mbili, likatema tope, likatema chura mmoja aliyekasirika sana, kisha likatoa maji.

Kesho yake, Jumamosi, alfajiri ile ile iliyopangwa kuchomea vikaragosi, Kindi alikuwa kwenye foleni ya bomba na ndoo yake. Kila mtu alimpisha, naye hakutaka kupishwa.

"Mwanangu," akamwita Mama Kanga, "hebu tuambie kweli. Pale chini ya meza, na lile jitu juu yako, hukuogopa?"

"Mimi?" akasema Kindi. "Sikuogopa hata kidogo."

Foleni nzima ikamtazama. Ngiri, aliyekuwa na madumu mawili, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"MOJA!" akapiga kelele Mama Kanga.

Kindi akashtuka, akatazama chini. Ncha ya mkia wake ilikuwa mdomoni, imelowa chapachapa, na manyoya yake yamekwisha kabisa kama brashi ya zamani.

Akautoa taratibu. Akajaza ndoo, akaibeba nyumbani, akaiweka kizingitini bila kumwaga hata tone. Kisha akatoa mkasi, akakata kipande kidogo cha sponji, akakishonea macho makubwa kuliko uso. Mkia akautengeneza kwa kamba ya katani, akauchambua nchani, na ncha hiyo akaishona mdomoni kwa mishono mitatu. Akakitundika kikaragosi hicho kwenye msumari, bega kwa bega na Bwana Pembe, na kwenye daftari akaandika: cha Ijumaa ijayo.

Anayewashikia wenzake kioo, wadogo zangu, siku moja akigeuze.