Pungufu, Lakini Maziwa

Mtu mmoja, jina lake Anyitike, alikuwa na ng'ombe wa maziwa huko nyanda za juu. Kila asubuhi, kabla madumu hayajafungwa, alichota maziwa katika dumu la wateja, yakapikiwa chai, akaketi akanywa pamoja na wakamuaji wake. Hakutenga maziwa ya kuuza na maziwa ya nyumbani. Yalikuwa yale yale.

Mdogo wake, Lugano, naye alikuwa na zizi, tena kubwa zaidi. Maziwa mazito yalikwenda mezani kwake. Wafanyakazi walikunywa chai ya rangi. Kutwa nzima aliwahubiria uaminifu, akanunua na kipimo cha kugundua maji. Wao wakajifunza kutia maji kipimo kikishapita. Mwalimu wao alikuwa yeye mwenyewe, masikini, wala hakujua.

Ukaja ukame, majani yakakauka. Anyitike akasafiri kwenda kumzika mkwewe, zizi akaliacha mikononi mwa Tusajigwe, mkamuaji wake. Asubuhi moja madumu ya hospitali, mteja wao mkubwa, hayakujaa. Fedha ya hospitali ndiyo iliyowalisha wote. Kuipoteza kulikuwa sawa na kufunga zizi. Pipa la maji lilikuwa pale pale mlangoni, na bwana hakuwapo. Hakuna aliyeligusa. Siku hiyo walikunywa chai ya rangi kwa hiari yao, ili wagonjwa wasipunguziwe hata tone.

Tusajigwe akayatua madumu mbele ya mama msimamizi wa jiko la hospitali. Hakuinamisha kichwa. Akasema, "Leo ni pungufu, mama, lakini yote ni maziwa."

Mama yule alikuwa amekwisha kuyakataa madumu ya Lugano asubuhi hiyo hiyo, nayo yalijaa hadi shingoni, ila kwa maji. Haya akayapokea, akaagiza yaletwe kila siku, hata yakiwa nusu.

Anyitike aliporudi akaambiwa, hakutoa hotuba. Alipita sokoni kama baba wa bwana harusi, na kila aliyemsalimu alisimuliwa habari za Tusajigwe kabla hajamaliza kuuliza hali. Nami nasimulia kwa fahari hiyo hiyo, maana kazi ya namna ile haipatikani kwa kipimo wala kwa kufuli.

Basi ninyi mlio na watu chini yenu: mkiondoka kesho, watauza nini kwa jina lenu?