Tope Jeusi la Kona ya Mto

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao! Hadithi hii nikiisimulia, hata kuku huacha kudonoa.

Katika Bonde la Rufiji waliishi watu watatu. Mbonde alijua maji: akichovya kidole cha mguu mtoni, anakwambia mvua imenyesha mlima gani. Shemeji yake, Bi Somoe, alijua mbegu: mbegu yake ukiidondosha juu ya jiwe, jiwe linachipua. Na Ngwele, bawabu wa kiwanda mjini, alikuwa na sauti: akikohoa, tembo anaomba radhi.

Mwaka huo biashara mjini zikadorora, viwanda vikafungwa, Ngwele akarudi na godoro kichwani. Nyumbani nako mafuriko yamemeza mashamba. Watu walikonda mpaka vivuli vyao vikaona aibu kuwafuata.

Mbonde akashinda juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, anayatazama maji tu. Wazee wakasema bado yanapanda. Yeye akashuka, akayavuka, mamba wanampisha, akarudi anapiga kelele: "Maji yanarudi! Pale konani mto umeacha tope jeusi. Tupande sasa hivi, likikauka mbegu haishiki!"

Mbegu ipo wapi? Kijiji kizima kilishakula zake. Bi Somoe alikuwa na kibuyu cha mahindi uvunguni, amelala juu yake na njaa yake, mwanawe analia, "Mama, nichemshie hata konzi moja." Hakuchemsha. Akapanda yote, hakubakiza punje.

Mahindi yakasimama. Viboko nao wakaja kama wamealikwa harusini! Ngwele akakaa shambani tangu mche mpaka suke, anapiga debe, anaunguruma, mpaka sauti ikakatika kabisa. Kijiji kikala, kikashiba. Yeye hadi leo ananong'ona.

Sasa, kule ardhi mpya ya mto hupewa mtu mmoja tu, yule aliyeifanya izae. Haikatwi vipande, maana kila mafuriko yanafuta mipaka na watu wanashikiana mapanga. Mzee Mpili, mwenyekiti wa kitongoji, akasema, "Nitajieni mmoja."

"Mimi," akasema Mbonde. "Bila mimi mngepanda wapi, mgongoni kwa mamba?"

Damu ikamchemka Bi Somoe. "Shemeji, macho kila mtu anayo! Mimi nimemwona mwanangu analamba sufuria kavu, na chakula kipo uvunguni! Wewe ulimnyima nani?"

Ngwele akanong'ona, "Na viboko je? Mliwaimbia taarabu?"

"Debe tupu wewe!" Bi Somoe akamgeukia. "Kelele nazo ni kazi?"

Ngwele akafungua mdomo ajibu. Haikutoka hata pumzi. Akajishika koo, akamtazama. Bawabu asiye na sauti, nani atamwajiri tena? Bi Somoe akaliona hilo, na hasira ikazidi kumpanda, maana sasa hakujua aimwagie nani. Lakini tope lile alilitaka. Mwanawe asilambe tena sufuria kavu.

Mzee Mpili amesimama konani, mti wa kuchomeka kuonyesha ardhi ni ya nani uko mkononi, na jina ni moja tu. Msiniambie wagawane, nitawafukuza hapa! Aliyeyaona maji, aliyemnyima mwanawe, au aliyeiacha sauti yake shambani: wewe, ungemchomekea nani?