Mjaza Fomu

Mjaza fomu hafanyi mtihani.

Ndivyo alivyowajibu yule mama wa steshenari leo asubuhi, mlipompa simu na kumwomba awachagulie chuo na kozi kwa sababu ninyi mmechoka kufikiri. Mmerudi hapa mnacheka, mnaniuliza ni wahenga gani hao waliokuwa na fomu. Mmeuliza vizuri. Methali nyingi zina umri ambao hakuna anayeujua, lakini hii niliiona siku ilipozaliwa. Ina miaka ishirini na saba tu. Kaeni niwaeleze ilivyotokea, na nitaanza na aibu yangu ili isije ikanichelewesha mbele: mjaza fomu mwenyewe nilikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa nafundisha hisabati katika sekondari moja ya milimani, huku Umatengo, mahali ambapo ukidondosha kibuyu mlangoni unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Kidato cha sita nilikuwa na binti mmoja aitwaye Editruda Kapinga. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na wanafunzi wa namna yake sikuwapata zaidi ya wanne. Alikuwa mkimya, anaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka, na hesabu ikimshinda alikuwa haombi msaada mpaka ameijaribu kwa njia tatu. Mama yake, Skolastika, alikuwa mjane. Alilima kahawa kidogo na mahindi kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Kusoma hakujua, ila alijua tarehe ya kila mtihani wa bintiye.

Zilipoletwa fomu za kuomba vyuo, wanafunzi walipewa wiki mbili. Fomu ilikuwa ya karatasi moja. Mwombaji aliandika jina la chuo na fani anayotaka kusomea, chaguo la kwanza na la pili, kisha akatia sahihi. Siku ya mwisho, mkuu wa shule akiwa anasubiri kuzipeleka mjini, Editruda alikuja ofisini kwangu na fomu yake. Ilikuwa tupu.

"Mwalimu," akasema, "nijazie wewe."

"Wewe unataka kusomea nini?"

"Sijui. Nikifikiria hiki naogopa, nikifikiria kile naogopa. Wewe unanifahamu. Andika unaloona linafaa."

Mtu mwenye busara angemrudishia karatasi yake na kumwomba mkuu wa shule asubiri hadi kesho. Mimi nilifurahi. Nilijisikia kama baba. Nikachukua kalamu na kuandika chaguo la kwanza: Chuo cha Ufundi Itamba, Uhandisi wa Umeme. Chaguo la pili nikaandika hivyo hivyo, chuo kingine, fani ile ile. Sikuhitaji hata dakika tano, maana maneno hayo nilikuwa nayo moyoni tangu ujana wangu. Mimi mwenyewe niliomba Itamba mara mbili nikakosa nafasi, ndipo nikaenda ualimu. Siku ile sikulikumbuka jambo hilo. Nilidhani namwandikia Editruda.

Akatia sahihi bila kusoma.

Barua ya kumkubali ilipofika, shule nzima ilipiga makofi. Mhandisi wa umeme, tena mwanamke, kutoka kwenye kata ambayo nguzo ya umeme ilikuwa bado haijafika! Skolastika aliniletea jogoo mwekundu, akapiga goti kunishukuru, nami nikampokea kama mtu anayestahili.

Itamba ilikuwa safari ya siku mbili kwa basi. Barua ya kwanza ya Editruda ilikuwa na kurasa mbili, anaeleza chakula, baridi, na karakana kubwa ajabu. Ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Ya tatu ilikuwa na salamu tu. Nikajiambia kwamba masomo yamemkaba, na masomo yakikukaba ndiyo yanaingia.

Mwezi wa nane alirudi nyumbani na sanduku lake. Alikuwa amefeli mitihani ya mwaka wa kwanza, chuo kimemwondoa. Ninyi siku hizi mnasema amedisko, na mnalisema huku mnacheka. Sisi hatukuwa na neno la kuchekea. Watu walishusha sauti walipopita karibu na nyumba yao kana kwamba kuna msiba. Editruda aliacha kupita njia ya shule. Kwenda kisimani alizunguka kwa nyuma, kwenye mteremko mkali, ili asionane nami.

Nami sikwenda kumwona. Wiki mbili nzima nilijitafutia kazi. Mwisho nikaona haya, nikaenda Jumamosi asubuhi, nikiwa nimepanga maneno njiani.

Nilimkuta Skolastika shambani, juu ya nyumba, anapanga majani aliyofyeka kwa ajili ya ngoro mpya. Editruda alikuwa chini kidogo anayafukia kwa udongo. Akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," bila kuinua uso.

"Marahaba," nikasema. Kisha nikamgeukia mama yake na kuanza yale maneno yangu. "Mama Editruda, nimesikitika sana. Huyu binti uwezo anao. Hesabu zake nazifahamu mimi. Umeme ni hesabu. Pengine alipofika kule alilegea, au alipata marafiki…"

Skolastika alipanga majani mpaka mstari ukaisha. Ndipo akasimama wima, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Mwalimu, siku ya mtihani ule wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nafundisha."

"Maswali yale ungeyaweza?"

Nikafikiri kidogo. "Ningejitahidi. Mambo yale nayapenda tangu zamani."

"Ungeyafanya kwa furaha?"

"Kwa furaha, ndiyo."

"Lakini hukuwepo."

"Sikuwepo."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa kama mtu aliyetafuta kwa siku nyingi mahali paa linapovuja, sasa amepaona.

"Kumbe mjaza fomu hafanyi mtihani," akasema.

Nikakaa kwenye tuta.

Editruda akaacha jembe, akapanda hadi tulipokuwa. "Mwalimu, usidhani sikuelewa masomo," akasema. "Nilielewa. Lakini kila nikifungua daftari nilijiona kama nasoma barua ya mtu mwingine. Wenzangu wakitoka darasani walikuwa bado wanabishana juu ya mota. Mimi nilikuwa nahesabu siku za kurudi nyumbani. Ilipofika mitihani nilikuwa nimeshaacha kusoma, ila mwili tu ndio ulikuwa unaingia darasani."

"Nisamehe," nikasema.

"Na mimi nina kosa langu. Nilikupa ile fomu kwa sababu niliogopa kukosea. Nilitaka kama kuna kukosea, akosee mtu mwingine. Sasa nimeona kwamba nikikosewa au nikikosea, anayerudi na sanduku ni mimi."

Mama yake akauliza, "Sasa hiyo nyingine atajaza nani?"

Mtaniamini nikiwaambia kwamba kinywa changu kilikuwa tayari kimefunguka kusema "Mimi naona…"? Nikakifunga. Nikasema kwamba nitamsaidia kwa jambo moja tu. Nina watu ninaowafahamu wanaofanya kazi mbalimbali. Nitawaomba wamruhusu akae nao siku chache, aone.

"Aone nini?" akauliza Skolastika.

"Aone kazi zao."

"Basi asiende siku wanayopokea wageni," akasema. "Mchumba haangaliwi Jumapili. Aende siku ya kawaida, na awaulize jana walifanya nini tangu asubuhi."

Kwa ushauri huo Editruda aliondoka. Siku tatu alifuatana na mpima ardhi wa wilaya. Akarudi ameungua jua, akasema kazi ni nzuri, ila muda mwingi huyo bwana alikuwa anaamua ugomvi wa mipaka, na yeye kelele za watu zinamvuruga akili. Siku nne alikaa kiwandani wanakokoboa na kuchambua kahawa. Hapo hakuona ubaya, wala hakupata la kusimulia.

Kisha akaenda hospitali ya misheni, kwenye maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja na dirisha. Aliyekuwepo aliitwa Mzee Nchimbi, mtu wa maneno machache kuliko hata Editruda. Siku ya kwanza alimwonyesha namna ya kutandaza tone la damu kwenye kioo, kulipaka rangi, na kulitazama kwa hadubini. Editruda akaviona vijidudu vya malaria kwa macho yake, vimekaa ndani ya chembe za damu kama vipete vidogo. Mzee Nchimbi akamwambia avihesabu. Akahesabu. Akamwambia arudie. Akarudia. Ilipofika saa saba akamwambia aende kula, akajibu "Nakuja," na alipotazama tena dirishani jua lilikuwa limehamia upande wa pili.

Alikaa pale wiki mbili badala ya siku chache. Siku aliyokuja kuniambia alipita njia ya shule, mchana kweupe.

"Mwalimu, nilisahau njaa," akasema. Nami nilielewa.

Lakini msidhani mambo yalikwenda laini. Watu waliposikia kwamba sasa anataka kusomea maabara, walimcheka. Walisema ameanguka kutoka uhandisi hadi kupima choo. Mjomba wake alikuja kutoka mjini kumwonya asiitupe akili yake jalalani. Nami, niwe mkweli, iliniuma. Niliiona Itamba inaondoka kwa mara ya tatu. Usiku ule sikumwambia mtu, hata mke wangu, na asubuhi nilikuwa nimeshaimeza.

Vyuo vya kazi hiyo alivyoweza kuomba vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa na jina kubwa, hata mjomba alikisifu kidogo. Cha pili kilikuwa kidogo, kimeshikamana na hospitali fulani, hakijulikani. Safari hii Editruda hakuchagua kwa jina. Aliviandikia vyote viwili akiuliza jambo moja: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashika hadubini kwa muda wa saa ngapi kila wiki? Chuo kikubwa kilimtumia kijitabu chenye picha ya jengo. Chuo kidogo kilimjibu kwa mkono, mistari minne: saa kumi na mbili kwa wiki, kuanzia wiki ya pili, na mavazi ya kazi aje nayo.

Fomu aliijaza nyumbani kwao, mezani, mimi na mama yake tukiwa tumekaa. Aliandika polepole. Kuna mahali alikosea tarehe ya kuzaliwa, akafuta, akaandika upya, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kumsaidia. Nikaukalia. Skolastika aliniona, akageuza uso ili asicheke.

Editruda akaisoma fomu kuanzia juu hadi chini kwa sauti, ndipo akatia sahihi.

Mwaka uliofuata aliniletea barua. Nilikuwa nimejiandaa kusoma mengi, lakini ilikuwa fupi. Alisema mitihani ilikuwa migumu kuliko ya Itamba, baiolojia ilimtoa jasho kwa sababu aliiacha kidato cha nne. Alikuwa wa sita kati ya thelathini. Chini kabisa aliandika: "Nimeifanya mwenyewe, Mwalimu." Leo ni mkuu wa maabara katika hospitali moja huko Songea, na vijana wanaosomea kazi hiyo wanatumwa kwake wajifunze.

Sasa mtauliza, maneno aliyoyasema mama mmoja shambani yalifikaje kwenye kinywa cha mwenye steshenari? Ni kosa langu tena, ila hili silijutii. Msimu wa fomu uliporudi, wanafunzi walipanga foleni mlangoni kwangu. "Mwalimu, nijazie." "Mwalimu, wewe ungeandika nini?" Kila aliyeingia nilimpa kiti, nikamuuliza ameshamwona nani akifanya kazi hiyo siku ya kawaida, na kalamu nikakataa kuishika. Akilalamika, nilimjibu kwa maneno ya Skolastika. Wakatoka nje wakiniiga sauti na kucheka. Baada ya wiki yalikuwa yanasemwa mabwenini. Baada ya mwaka yalikuwa yanasemwa sokoni, na watu wasiojua fomu ni nini waliyatumia kwa wazazi wanaowatafutia watoto wao wachumba.

Miaka kama kumi baadaye, Skolastika mwenyewe alimpeleka kitinda mimba wake, Zenobi, ofisi ya elimu kuchukua fomu. Zenobi alikuwa anasitasita mbele ya meza. Mama mtu akachoka kusubiri, akamwambia karani: "Mwanangu, mwandikie tu ualimu, twende zetu."

Karani, kijana wa kutoka mbali, akaweka kalamu chini kwa heshima. "Samahani, mama," akasema. "Wahenga walisema, mjaza fomu hafanyi mtihani."

Skolastika alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu kunisimulia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu," akasema, "nimeitwa wahenga, na kesho nina palizi!"

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nimemwambia wahenga walisema kweli. Nikakaa kwenye benchi nikamsubiri mtoto. Kaandika mpaka ofisi inafungwa."

Mjaza fomu hafanyi mtihani.