Uwanja wa Jumbe Mkumbukwa na Vifaranga vya Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, mmeshiba nini? Haya tena, Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, na mpira ulikuwepo, msiniulize ulitoka wapi, palikuwa na kijiji ambacho jumbe wake aliitwa Mkumbukwa. Kijiji hicho hakikuwa na uwanja. Vijana walicheza njiani na kuvunja mitungi ya watu. Jumbe akasema pori la bondeni lichomwe, uwanja uwe hapo.

Pori lile lilikuwa na wenyewe. Alikuwamo Kobe, alikuwamo Digidigi, na alikuwamo Kanga aliyelalia mayai tisa.

Kanga akaenda kwa Jumbe. Akamwomba uwanja uhamishiwe kwenye shamba la zamani la mtama, ambako hakuna mnyama anayeishi. Jumbe akasema kule ni mbali, watu watachoka.

Kanga akaenda mara ya pili. Akaomba basi wangoje mayai yaanguliwe na vifaranga viote mabawa. Jumbe akasema mechi na kijiji jirani ni mwezi ukiandama, hawawezi kungoja.

Kanga akaenda mara ya tatu.

"Jumbe, basi choma pande tatu tu. Upande wa kinamasini utuachie tupite."

"Hilo nakupa, mama Kanga," Jumbe akasema. "Upande wa kinamasini hautawashwa."

Kanga akarudi mbio kwa furaha. Mayai yakaanguliwa, yote tisa. Kobe alikuwa ameshaanza kuhama, maana mwendo wake mnaujua, lakini Kanga akamrudisha. Akawaambia wote wasihangaike, moto ukiwaka waelekee kinamasini.

Sasa sikilizeni. Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Pori likichomwa kwa kazi ya wote, kila ukoo huwasha upande wake, na ukoo usiowasha huonekana wa wageni. Koo zilikuwa nne. Siku ya kuchoma, koo tatu zikapewa pande tatu. Ukoo wa nne, wa mzee Chamwela, ukanuna. Chamwela akauliza barazani wao wamekosa nini hata wanyimwe moto.

Jumbe hakupenda ugomvi. Ahadi aliikumbuka, msidhani aliisahau. Lakini Kanga hakuwapo barazani, na Chamwela alikuwapo, amekunja uso. Jumbe akamwambia awashe upande wa kinamasini. Watu wakapiga makofi, wakasema Jumbe wao ni mtu wa haki.

Moto ukawaka pande zote nne. Wanyama wakakimbilia kinamasini kama walivyoambiwa, wakaukuta moto unawajia usoni. Digidigi akageuka, akaingia kwenye moshi, hakuonekana tena. Kobe akasimama.

"Kanga," akasema, "mimi nilikuwa nimeshaondoka."

Joto likamzidi Kanga, mabawa yakamrusha mwenyewe hajui. Alipotazama chini aliviona vifaranga vyake tisa vikimfuata kwa miguu, vinakimbia, vinamwita.

Uwanja ukakamilika. Mechi ikachezwa, na kijiji kikafungwa. Jumbe alituma watu wamwombe Kanga radhi. Walimkuta, wakasema waliyotumwa, naye akaenda zake kwa miguu.

Nanyi, wanangu, mkitaka uwanja, tafuteni kwanza pasipo na mwenyewe. Mkipakosa, ngojeni wenye watoto wamalize kulea. Na mkiahidi kuacha njia, iacheni kweli, hata kama mkubwa atanuna. Jumbe yule mimi simpendi mpaka leo.

Ndiyo maana kanga akifukuzwa hukimbia kwa miguu kwanza, hata adui akiwa karibu kumshika. Mabawa anayo. Anaona aibu kuruka.

Hadithi yangu imekatikia hapo. Ikiwafaa, ibebeni mwende nayo kwenu. Isipowafaa, niachieni, nitalala nayo mwenyewe.