Mkono Uliomuua Mbwana Shehe

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya vita vikuu vya pili tu, palikuwa na meli ndogo ya kivita ya Waingereza kwenye pwani yetu. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, mabaharia wakalikataa, wakaiita Ufagio, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufagia. Adui alitega mabomu majini, mabomu ya duara yenye pembe, yamefungwa kwa minyororo yasielee. Ufagio ulipita asubuhi, ukapita alasiri, ukikokota waya mrefu nyuma yake. Waya ukikata mnyororo, bomu huibuka, na mabaharia hulipiga risasi kwa mbali mpaka lipasuke. Kisha meli kubwa zenye bendera zilipita hapo salama salimini, na hakuna hata moja iliyowahi kuwapungia mkono.

Mshika usukani wa Ufagio alikuwa Mwakio, Mtaita, mtu wa milimani. Mama yake alifariki akimzaa. Alilelewa huku na huku, leo kwa shangazi, kesho kwa jirani, na kila nyumba ilimpa chakula isimpe nafasi. Alipokwenda kujiandikisha uanamaji hakuna aliyemsindikiza. Melini nako mambo yakawa yaleyale. Wenzake walitaniana kwa maneno ya kwao, naye akacheka pembeni asijue kilichochekesha.

Mmoja tu alimwonea huruma, Mbwana Shehe wa Vanga. Huyo ndiye aliyemfundisha lugha ya bahari. Waingereza waliuita upande wa kulia wa meli stabodi. Siku moja Mbwana akanyoosha kidole huko kulia, akamwambia, "Huko twaita goshini, ndugu yangu. Lishike neno hilo." Mwakio akalishika. Na mchana wakila, Mbwana alipenda kumsimulia habari za mama yake, Bi Mwanaidi, jinsi anavyotandika kitanda cha mwanawe kila asubuhi ingawa hakikulaliwa na mtu. Mwakio alisikiliza kwa wivu. Nasema wivu kwa kuwa ndio uliokuwapo.

Sasa wenzangu, anayeijua bahari hapa ameshaguna. Goshini si kulia wala si kushoto. Goshini ni upande upepo unakotoka, na upepo hauna mkataba na mtu. Siku ile Mbwana aliponyoosha kidole, upepo ulikuwa unatoka kulia. Alifundisha mbio mbio, akaitwa kazini, asirudi kulimaliza somo.

Ikaja siku ambayo boya, lile linaloelea likishika ncha ya waya wa kufagia, lilinasa. Mbwana akateremshwa kwenye mashua ndogo kwenda kulinasua. Mashua ilifungwa kamba, na kamba ilishikwa nyuma ya meli na Chengo wa Mbitha, Mgiriama mwenye mikono minene. Amri yake ilikuwa moja: ukisikia bomu limetajwa, achia kamba, mashua ibaki nyuma mbali na hatari. Mbele kabisa ya meli alisimama Kombo Faki, Mpemba, kazi yake kutazama maji. Na upepo siku hiyo ulivuma kutoka kushoto.

Bomu likaibuka kushoto. Kombo akapaza sauti, "Bomu goshini!"

Kombo alitamka. Mwakio akasikia goshini, akaelewa kulia, akageuza usukani kushoto ili alikimbie bomu, kumbe ndiko anakolifuata. Mwakio aligeuza. Bomu likateleza ubavuni mwa meli bila pembe kugusa chuma, likaelekea nyuma. Chengo akaliona linamjia Mbwana, akasahau amri, akaivuta kamba ili amlete mwenzake karibu. Chengo alivuta. Mashua na bomu vikakutana, na Mbwana Shehe hakuonekana tena.

Kapteni akawahoji mmoja mmoja. Kombo akasema alitamka neno sahihi, kama asikiaye ni kiziwi hilo si lake. Chengo akasema kamba ilimnasa mkononi. Mwakio akasema aligeuza kama alivyoelewa. Akaulizwa ni nani aliyemfunza kuelewa hivyo, akanyamaza, kwa sababu jibu lingemtia marehemu hatiani. Kapteni akachoka nao. Akasema vita ndivyo vilivyomuua, akawarudisha kazini.

Ufagio ukaendelea kufagia. Mahali pa Mbwana pa kulia chakula hapakukaliwa na mtu. Kombo hakumsemesha Chengo, na Chengo hakumsemesha Kombo. Mwakio je? Huyo hata jina lake lilitajwa kwa amri tu. Upweke wa zamani ulikuwa umemzoea, lakini huu ulikuwa mwingine, maana sasa alijua ladha ya kuitwa ndugu.

Vita vilipokwisha, watatu hao wakaenda Vanga kumpa mkono wa pole Bi Mwanaidi. Aliwapokea vizuri, akawawekea wali na samaki, akangoja wamalize kunawa mikono. Ndipo akasema.

"Wanangu, nimeletewa salamu kwamba vita ndivyo vilivyomuua Mbwana wangu. Vita havina mikono. Mimi nautaka mkono uliomuua. Siutaki niulaani, nimeshalia mpaka machozi yakaniisha. Nimebaki peke yangu, na kitanda chake hicho hapo. Aliyeniondolea mwanangu, na akae mahali pake. Awe mwanangu, anifumbe macho siku yangu ikifika. Basi nambieni, ni yupi?"

Tazama basi mambo ya binadamu. Hatia ile ile waliyoikimbia mbele ya kapteni, sasa kila mmoja akaitaka.

Kombo akaanza. "Ni mimi, bi mkubwa. Neno lilitoka kinywani mwangu. Nilijua mshika usukani ni mtu wa bara, ningesema kushoto angenielewa. Nilitaka tu nionekane mjuzi. Nina mke na watoto Pemba, lakini nikikaa nao sisikii wanachosema."

Chengo akamkatiza. "Ni mimi, mama. Nilipewa amri niachie kamba, sikuiachia. Nilimvuta kwa kuwa sikutaka abaki peke yake majini. Mama yangu mzazi yu hai, na tangu siku ile naona haya kumtazama usoni."

Mwakio akachelewa. Alikitazama kitanda, shuka zimenyooshwa na mto umewekwa. Hakuwa na mke wa kumtaja, wala mama wa kumwonea haya. Mwisho akasema, "Usukani ulikuwa mikononi mwangu. Meli haikujigeuza. Niliambiwa goshini, nikaelewa kulia."

Bi Mwanaidi alizaliwa pwani, mume wake alikuwa mtu wa bahari. Akamkazia macho. "Goshini si kulia, mwanangu. Nani alikufunza hivyo?"

Kombo akainamisha kichwa. Chengo akautazama mlango. Wote wawili walilijua jibu, maana waliwahi kumsikia Mbwana akifundisha.

Mwakio akasema, "Hakuna, mama. Nilijifunza vibaya mwenyewe."

Hakuwahi kumwita mtu mama tangu azaliwe. Na ukweli ni kwamba hata yeye hakujua kama amedanganya ili kulilinda jina la rafiki yake, au ili akipate kitanda chake.

Haya, wenzangu mlionisikiliza, msiniachie mzigo huu peke yangu. Kombo alitamka, Chengo alivuta, Mwakio aligeuza, na Mbwana mwenyewe ndiye aliyelifundisha neno nusu. Bi Mwanaidi amesimama mlangoni. Wawili atawaaga, mmoja atamwambia, "Baki, mwanangu." Je, ni nani aliyestahili kubaki?