Tovuti Iliyofungiwa Kabatini

Mtaani hapakuwa na duka lililojaa watu kama la Mama Mikunjo, fundi cherehani. Wengine walileta vitambaa, wengine walileta umbea tu, na wote walipata kiti. Sifa zake zilikuwa zimeenea kila kona, naye alizijua vizuri. Ndiyo maana kwaya ya mtaa wa pili ilipotaka mavazi arobaini, na katibu wake akasema, "Tuonyeshe kazi zako kwenye tovuti kabla ya Ijumaa saa sita, tukulinganishe na mafundi wengine," alicheka hadi mabega yakatikisika.

"Tovuti? Hiyo naishona siku mbili tu!"

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kwenye kituo cha kompyuta ng'ambo ya barabara, mwalimu wa tovuti alikuwa Kidoti, binti aliyekuwa akijifunza ushonaji kwake, naye akamfukuza dukani miaka minne nyuma kwa kushika simu zaidi ya mkasi.

"Mimi nifundishwe na Kidoti? Labda jua lichomoze magharibi!"

Akajifungia na kompyuta yake, akatazama video, akanakili hiki na kile. Jumatano ukurasa ukafunguka, magauni yakimeremeta kama nyota. Akapiga vigelegele. Akaichukua anwani iliyoandikwa juu ya ukurasa, akamtumia katibu, wateja, mawifi, na hata mtalaka wake, ajue alichokikosa.

Alhamisi majibu yakamiminika. Hakuna aliyeona kitu.

"Shoga, kwangu peupe pe!" alisema muuza vitambaa, akiinua simu juu. "Au umetushonea nguo ya hewa?"

Duka zima likaangua kicheko. Katibu naye akaandika: "Kesho saa sita, fundi. Hatuongezi hata dakika."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akapiga moyo konde, akavuka barabara na kompyuta kwapani. Darasa lote likageuka kumtazama.

"Shikamoo, mama," alisema Kidoti.

"Marahaba... mwalimu." Akaiweka kompyuta mezani. "Nimekuja kujifunza. Tangu mwanzo."

Kidoti akaitazama ile anwani, akauma mdomo asicheke. "Mama, hii ni anwani ya faili lililomo ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Gauni umelishona, tena zuri, lakini umelifungia kabatini, halafu unawaambia watu walitazame! Lazima liende kwenye seva, ile kompyuta inayokaa wazi mtandaoni saa zote, ndipo kila mtu alifikie. Na picha zake ziende nalo."

"Kumbe!"

"Ndilo somo la siku ya kwanza. Usingenifukuza ningekwambia zamani."

"Nisingekufukuza, mwanangu, leo ungekuwa unapiga pasi!"

Darasa likavunjika mbavu, na Kidoti akacheka kuliko wote. Mama Mikunjo akabanana na vijana kwenye benchi, akaandika kila neno, akauliza hata yaliyomtia haya.

Ijumaa saa nne asubuhi akaipandisha tovuti kwa mikono yake mwenyewe, Kidoti akiangalia tu bila kugusa kitu. Saa tano simu ikalia.

"Fundi, tumeona! Njoo na futi, waimbaji wanakusubiri wapimwe."

Vigelegele vikavuka barabara hadi dukani. Mama Mikunjo akamkumbatia mwalimu wake mbele ya kadamnasi, bila kujali nani ataenda kusimulia wapi. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.